Maji Mbele ya Wavu

Juzi kijana mmoja wa mkokoteni alipita mtaani kwetu Nyasho anauza udongo wa kichuguu. Nilimwita kwa sababu sakafu yangu ilikuwa imepasuka tangu kiangazi. Nikamuuliza ameuchimba wapi, maana siku hizi vichuguu mjini vimeisha. Akasema, "Mama, huu si wa porini. Ni wa kule ziwani, kwenye kiwanja cha zamani cha wazungu. Wanakichimba wajenge ghala." Nikanunua mkokoteni mzima. Alipoumwaga nyuma ya nyumba niliona vipande vyeupe vya chokaa vimeshikana na udongo, vingine vimenyooka kama vimekatwa kwa rula. Nikaupiga maji. Harufu ilipopanda nikakaa juu ya debe hadi jua likanifuata pale pale.

Ninyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo. Mwingine inamkumbusha kumbikumbi, mwingine nyumba ya bibi yake siku ya kukandikwa. Mimi inanikumbusha asubuhi moja ambayo kiwanja cha tenisi kilikuwa kimelowa mahali kisipotakiwa kulowa. Nimesoma hadi darasa la tatu tu, na sababu ya kuishia hapo imo humu humu. Kwa hiyo nitasema nilivyoona, na waliohusika nitawataja. Wa kwanza ni Bwana Haskeli, katibu wa klabu. Wa pili ni Zefania, karani wake. Wengine nitawataja nikifika, maana hao kuwataja kunaniuma.

Baba yangu, Mafuru, alikuwa maka wa klabu. Maka ni mchezaji wa kulipwa. Kazi yake ni tenisi tu. Halimi, havui, hafagii ofisi ya mtu. Baba alitoka Kiriba akiwa kijana, akaanza kwa kuvuta rola ya kusawazisha kiwanja, akajifunza kwa macho, hadi wazungu wakampa raketi na nyumba ya bati nyuma ya klabu. Ndimo nilimozaliwa. Kila alasiri, wazungu wakitoka maofisini, Baba alivaa kaptura nyeupe akacheza na yeyote aliyekosa mwenzake. Na kila alasiri alishindwa.

Shuleni watoto walinichoma kwa hilo. "Baba yako anapigwaga kila siku! Angekuwa ng'ombe angeshachinjwa!" Na mimi niliamini, kwa sababu nilikuwa nachungulia kwenye ua wa minyaa naona kwa macho yangu. Baba anakimbia, anaufikia mpira, halafu anaurudisha laini, pale pale Bwana aliposimama, kama mtu anayempa mgeni kiti. Nikawaza kwamba Baba ana miguu ya kufika lakini mkono wake ni mgonjwa. Siku moja nikamwambia Mama amnunulie maini, labda mkono utapona. Mama alicheka hadi mwiko ukaanguka kwenye jivu.

"Mafuru! Njoo usikie ugonjwa wako!"

Baba hakucheka. Alikaa chini, akachukua furu wakavu kwenye ungo, wale samaki wadogo wa ziwani, akawapanga sakafuni. Furu aliyelazwa alikuwa wavu. Furu huyu Bwana, furu huyu Baba. Punje ya mtama ikawa mpira.

"Mama," aliniambia, ndivyo alivyokuwa ananiita, "hii sisi maka tunaita kulisha. Kila mwanachama ana mahali anapovuja. Yule Bwana wa idara ya barabara hawezi mpira wa kumrukia begani. Yule memsabu hawezi kurudi nyuma. Wanaona? Hawaoni. Kazi yangu ni kupajua, halafu nisipaguse. Namlisha pale anapopenda, anarudi kwake amefurahi, kesho anakuja tena."

"Na wewe unavuja wapi?"

Baba akaangalia pembeni. "Hilo haliulizwi mbele ya wageni."

Mgeni mwenyewe alikuwa Nasoro, naye hakuwa mgeni hata kidogo. Alikuwa anatafuna ugali wetu. Nasoro alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Bunda. Alikuja Musoma kutafuta kazi, Baba akamwona anatupa mawe ziwani kwa mkono wa kushoto, akamleta nyumbani kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Alikaa kwetu miaka. Sisi Wakristo, yeye Mwislamu, kwa hiyo kuku wetu wote alichinja yeye, ili na yeye ale. Hata Krismasi Mama alikuwa anasimama mlangoni na jogoo amemshika miguu, anaita, "Nasoro, njoo utuhalalishie sikukuu." Mimi nilimwita kaka. Baba akimwita kwa hasira alimwita Mashoto, akimwita kwa upendo alimwita Mashoto vile vile.

Baba alimfundisha yote ya furu na mtama. Akawa mkali sana. Mpira wa mkono wake wa kushoto ulikuwa unakata kiwanja kwa upande, unamfuata mtu kwenye mkono wake wa nyuma, yaani pale anapolazimika kupiga kwa mgongo wa mkono. Ukiurudisha, anakuletea tena pale pale, mbali zaidi kidogo. Na tena. Hadi umetoka nje ya mstari unashika ua wa minyaa, ndipo anapiga moja kwa moja upande wa pili ulioacha wazi. Baba alikuwa anasema, "Mashoto hakupigi. Anakuhamisha nyumba." Klabu ya mgodi wa dhahabu wakamsikia, wakamchukua awe maka wao. Mama alimfungia furu wa njiani, akalia.

Halafu mgodi ukaanza kufungwa. Wazungu wa mgodi wakahamia mjini, wakajiunga na klabu ya Musoma, wakaja na maka wao. Bwana Haskeli akamwita Baba barazani. Mimi nilikuwa nyuma ya mapipa, nilisikia.

"Mafuru, mimi nataka maka moja. Mbili hapana. Wewe na Nasoro nacheza Jumamosi. Nani nashinda, nakaa. Nani nashindwa, kwaheri."

"Na nyumba, Bwana?"

"Nyumba ya klabu ni ya mtu ya klabu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani: kazi ya Baba na bati lililokuwa juu ya vichwa vyetu. Kule Kiriba Baba alikuwa amebaki na viwanja vya makaburi tu, shamba lilishachukuliwa na baba zake wadogo. Haskeli angeweza kumfukuza mzee akamweka kijana, hakuna wa kumuuliza. Lakini alitaka isemekane kwamba mzee ameshindwa mwenyewe. Ndiyo maana namtaja wa kwanza.

Zefania naye alikuwa na hesabu yake. Yeye na mkewe na watoto walikuwa wanapanga chumba kimoja Nyakato, na kila akipita kwetu alikuwa anatazama bati. Nasoro alikuwa hajaoa. Akishinda angelala stoo, na nyumba ingekuwa tupu. Wiki ile ile Zefania alikuja jioni, "Bwana asifiwe, nimepita tu kuwasalimu," akamkuta Mama amepasha majani ya mbarika anakanda goti la Baba.

Hilo goti ndipo Baba alipokuwa anavuja. Rola ilimgonga msimu wa mvua, Nasoro ameshakwenda mgodini, na tangu hapo goti la kulia lilikuwa linamkubalia kwenda upande na kurudi nyuma, lakini kukimbia mbele na kusimama ghafla halikutaka. Tulikuwa tunajua watatu tu mle ndani. Mama alilitupia kanga haraka. Zefania akanywa uji wetu, akashukuru, akaondoka. "Hajaona," nikasema. Mama akainuka akafunga mlango.

Siku zilizobaki Baba hakulala kwenye kitanda. Alikaa sakafuni na furu. Alicheza mchezo wote kabla haujachezwa. Mimi nilikuwa Nasoro, nashika punje ya mtama.

"Mashoto atanipiga wapi?"

"Mkono wa nyuma."

"Halafu?"

"Mkono wa nyuma tena."

"Mimi nikiwa mjinga nabaki katikati, nakimbizana nao. Sasa tazama." Alimsogeza furu wake kushoto kabla hata punje haijaja, akaacha upande wote wa kulia mtupu kama shamba lililovunwa. "Nimemfungulia mlango. Ataona uwazi, mkono utamwasha, atapiga moja kwa moja. Lakini wavu uko juu pale pembeni kuliko katikati, itabidi ainue. Akiinua, mimi nafika. Na nikifika, nafika na mkono wangu mzuri. Napiga kukata, unaangukia mkono wake wa nyuma yeye. Hapo ndipo Mashoto anapovuja. Toka mtoto."

"Na akikupigia mpira mfupi, mbele karibu na wavu?"

Baba akaweka punje mbele ya wavu, akaitazama muda.

"Hiyo," alisema, "tutaiachia jua."

Sikuelewa hadi Ijumaa. Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo wa kichuguu uliotwangwa na kushindiliwa, na kila jioni kabla ya mchezo mkubwa maka mwenyeji ndiye anayekipiga maji. Hiyo ilikuwa haki yake, hakuna aliyekuwa anaiuliza. Nilibeba madebe kutoka ziwani, Baba akanyunyiza nyuma, akanyunyiza pembeni, lakini mbele ya wavu alinikataza. "Mbele usimwage, mama. Paache." Nilifurahi. Nilidhani ananionea huruma kwa sababu shingo ilikuwa inaniuma. Ukubwani ndipo niliunganisha: udongo mkavu ni mgumu, mpira mfupi ukiangukia hapo unaruka juu, unamngoja mtu hata mwenye goti bovu. Udongo uliolowa unameza mpira. Ukianguka, umekufa.

Jumamosi asubuhi niliamka wa kwanza, nikatoka kwenda kutazama kiwanja chetu kilivyo kizuri. Nikasikia harufu kabla sijaona. Mbele ya wavu, pande zote mbili, palikuwa peusi. Maji yalikuwa bado yanang'aa kwenye mashimo madogo. Zefania alikuwa amesimama pale na mtumishi wa bustani, ndoo mkononi, suruali imekunjwa.

"Mjomba, Baba kasema mbele pasimwagwe!"

"Baba yako si Bwana," akasema. "Bwana kasema pamekauka, vumbi litawaumiza memsabu macho. Nenda kanywe uji."

Nilikimbia kumwambia Baba. Alikuwa anafunga viatu. Alifunga kile cha kwanza akakifungua, akakifunga tena. "Haya," akasema tu. Mama alikuwa na mimba kubwa wakati ule, alishika ukuta.

Watu walijaa. Wazungu barazani na vinywaji, Wahindi wa maduka kwenye viti vya pembeni, sisi wengine nyuma ya minyaa. Mimi nilikaa kwenye nguzo ya wavu na debe la maji ya kunywa, kwa hiyo yaliyosemwa pale niliyasikia mwenyewe, sikuhadithiwa. Nasoro alikuja kwanza kunisalimu. Alikuwa amepata ndevu kidogo.

"Umekua, mdogo wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

Akaangalia chini mbele ya wavu, akakanyaga, kiatu kikaacha alama. Akakunja uso. "Nani kamwaga maji huku? Kaka Mafuru hawezi kumwaga maji huku."

"Zefania."

Akamtazama Zefania aliyekuwa nyuma ya kiti cha Haskeli, kisha akamtazama Baba upande wa pili. Niliona anajiuliza kitu lakini hakukipata.

Walianza. Kila kitu kilikwenda kama sakafuni kwetu. Nasoro mkono wa nyuma, mkono wa nyuma. Baba anasogea kushoto mapema, mlango uko wazi. Nasoro anauona, anapiga moja kwa moja, mpira unapanda juu ya wavu, Baba ameshafika. Mkwaju wa kukata. Nasoro ananyoosha mkono wake wa nyuma kama mtu anayetafuta kibiriti gizani. Nilikuwa nasema moyoni, mlango, ingia, umenaswa. Baba alichukua seti ya kwanza. Nyuma ya minyaa mtu akapiga kelele, "Mzee anampeleka mtoto jando leo!" Watu wakacheka, hata Wahindi.

Mwanzoni mwa seti ya pili Nasoro alipiga mpira mmoja mfupi. Sidhani alikusudia, mkono tu ulimtuma. Ukaanguka kwenye weusi, ukafa. Baba alikwenda mbele, mguu wa kulia ukatua, ukakataa. Hakuanguka. Alishika wavu, akajifanya anaunyoosha. Lakini Nasoro alikuwa amelala kwetu miaka. Alikijua hata kikohozi cha Baba. Niliona uso wake. Alitazama goti, akatazama maji, akamtazama Zefania. Sasa alikuwa amekipata.

Haskeli naye alikuwa amesimama barazani. "Nasoro! Fupi! Piga fupi!" Zefania akamnong'oneza, naye akarudia, "Mbele! Mbele!"

Nasoro hakupiga fupi tena. Hata mara moja. Baba alikuwa wazi mbele kama nyumba isiyo na mlango, na Nasoro anapiga nyuma, kulia, kwenye mkono mzuri wa Baba, mpira mnene, wa kiasi. Mimi nilidhani amesahau. Nilidhani mgodi umemharibu, au amechoka, au Mungu amesikia. Baba alikuwa anashinda gemu baada ya gemu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyomwambia Mama, nimwambie kwanza kwa kulia ili ashtuke, halafu nicheke. Zilibaki gemu chache tu tuwe na nyumba yetu.

Walipobadilishana upande walikuja kunywa maji. Nilimpa Baba kikombe. Hakukipokea.

"Nasoro," alisema, "mimi nimekuwa mwanachama lini?"

Nasoro akanawa uso.

"Nakuuliza. Nimejiandikisha lini klabuni? Mbona unanilisha?"

"Sikulishi, kaka."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kulisha. Mpira wa kulisha naujua hata nikiwa nimelala."

Nasoro akasema kwa sauti ya chini, haraka haraka, "Kaka, mimi nina cherehani Bunda. Mzee ananingoja. Wewe una nini? Mama watoto yuko hivi alivyo. Chukua gemu hizi tatu, nenda ukalale. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe utajua. Kila ukinisalimia nitajua."

"Goti lako..."

"Goti langu ni langu."

"Kaka, usinilazimishe."

"Cheza," Baba akasema, na hapo ndipo alipopokea kikombe, akanywa chote.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana sijawahi kumwona mtu akitega mtego wa namna hiyo. Walirudi uwanjani. Nasoro akaleta mpira wa kulisha, laini, kwenye mkono mzuri. Baba aliutazama ukipita. Hakuinua hata raketi. Haskeli akashangaa, hesabu ikaenda kwa Nasoro. Wa pili ukaja, laini vile vile. Baba akauacha. Wa tatu akauacha. Watu nyuma ya minyaa wakaanza kupiga mluzi. "Mzee kalala!" Mimi nilisimama, nikapiga kelele, "Baba, piga!" Alinitazama mara moja tu.

Nasoro ndiye aliyeelewa. Kila alipomhurumia, alikuwa anamnyang'anya nyumba. Akiendelea kulisha, Baba atapoteza yote bila kunyanyua mkono. Njia ya kumwokoa ilikuwa imefungwa na mwenyewe anayeokolewa. Kilichobaki ni kucheza kweli.

Alifuta macho kwa kiwiko cha mkono. Kisha akacheza.

Sijui kama mmewahi kuona watu wawili wanaojuana wakiacha kufichana. Mkono wa nyuma, mkono wa nyuma; mlango; Nasoro hakuingia, akarudisha tena nyuma. Baba akakata, Nasoro akafika. Barazani hakuna aliyekuwa anakunywa. Mpira ulikuwa unalia kama mtu anayepasua kuni. Halafu Nasoro akainua raketi kama anapiga kwa nguvu zote, Baba akarudi hatua nyuma, na Nasoro akaupunguza mwishoni kabisa. Mfupi. Mbele. Kwenye maji.

Baba alikimbia. Kukimbia kule sikuwahi kukuona tena kwa binadamu. Mpira ulikuwa umeshaanza kufa, umebakiza upana wa vidole kutoka chini, akautia raketi chini yake akaugeuza kidogo tu, ukapita kando ya nguzo nilipokuwa nimekaa, ukaanguka ndani ya mstari upande wa Nasoro. Nasoro hakuusogelea. Alikuwa anamtazama Baba. Mpira ulikuwa mzuri. Hesabu ilikuwa ya Baba.

Na Baba alikuwa chini kwenye weusi, mguu umekaa vibaya. Alijaribu kuinuka, akatabasamu, akajaribu tena. Nilisikia harufu ya ule udongo uliolowa, na jasho lake, na mafuta ya mbarika.

Haskeli alitazama saa. "Basi. Nasoro nashinda. Nasoro nakaa."

Nasoro alikwenda barazani, akaiweka raketi ya klabu juu ya meza yao katikati ya vikombe, polepole, isivunje kitu. Zefania akasema, "Usiwe mjinga, kijana." Nasoro akamwambia, "Nenda kahamie, mzee. Bati lile linavuja upande wa jikoni, weka debe."

Hakuna maka aliyebaki. Zefania alihamia Jumatatu. Mama alikusanya vyombo akiwa na tumbo lake, na mke wa Zefania amesimama mlangoni ameshika ufagio.

Nasoro alimpakia Baba kwenye baiskeli, sisi tukatembea nyuma, hadi Butiama kwa shangazi wa Mama aliyetupa banda la mbuzi lililokuwa limeachwa. Mvua zilikuja mapema. Bandani kulikuwa kunanyesha ndani kama nje. Mama alishikwa na kifua, mtoto akatoka kabla ya wakati, wakaondoka wote wawili juma moja. Shuka ya kumzikia aliishona Nasoro usiku kucha Bunda, akaileta kwa baiskeli imekunjwa ndani ya shati lake isilowe. Mimi nikaacha shule, nikawa mama wa nyumba ile, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Tulibaki wawili, mimi na mtu wa fimbo.

Kwa hiyo Haskeli nimemtaja. Alirudi kwao na nasikia alizeeka vizuri. Zefania nimemtaja, alikuwa mzee wa kanisa, akazikwa kwa matarumbeta, nami nilikwenda kutazama jeneza likishuka. Nasoro namtaja kwa sababu angeweza kumlisha kwa ustadi zaidi, asionekane. Yeye aliyejua kuudanganya mpira alishindwa kumdanganya mzee mmoja. Na Baba namtaja. Zilikuwa gemu tatu tu. Mkewe alikuwa na tumbo, na yeye akasimama pale anatazama mipira inapita.

Nilimwambia hayo, msidhani nilinyamaza. Ilikuwa mwishoni, amelala kitandani kwangu hapa Nyasho, goti limekauka kama gogo. Nilimwambia, "Baba, ungeuchukua ule mpira laini Mama angekuwa hai." Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa ananisikiliza nikiwa Nasoro na punje ya mtama. Aligeukia ukutani, nikadhani amelala. Kisha akauliza, na macho yalikuwa yananitafuta kama mtu asiye na uhakika:

"Mama, wewe ulikuwa pale kwenye nguzo. Ule mfupi. Niliufikia kabla haujagusa mara ya pili?"

Juzi nilikandika sakafu yote, chokaa na udongo pamoja, ukuta hadi ukuta. Nilipofika mlangoni maji yalikuwa bado yamebaki kwenye debe. Nilikaa nayo hapo, nikakumbuka nilivyomjibu.

Nilimwambia, "Uliufikia, Baba." Ilikuwa kweli. Alifumba macho ameridhika, na swali la pili, la Mama na ule mpira laini, lile ambalo mimi nilikuwa nimejiandaa kulijibu miaka yote, hakuliuliza.